Kisima Kilichoamka na Jua

Atija wa Quionga hakuhitaji yai. Wapika chumvi wengine hutumbukiza yai bichi kwenye maji ya chumvi kabla ya kuyabandika jikoni: likielea, maji yameiva; likizama, bado. Atija alichovya kidole tu, akakigusisha ulimi, akafumba jicho moja. "Bado," angesema, au, "Haya, koka moto." Jirani yake Wahida alikuwa akimtania kwamba ulimi ule ukichovywa kwenye sufuria unatosha kukoleza mchuzi wa harusi nzima.

Miaka thelathini kazi ilikuwa hiyohiyo. Kiangazi, maji makuu ya bamvua yakishapita, aliingia nyuma ya mikoko, mahali jua lilipoacha ardhi imefanya ganda jeupe. Alilikwangua ganda kwa kombe la chaza, akalibeba ndani ya tenga, akalitia kwenye kapu refu lililoning'inia juu ya miti minne. Kisha alimwagia maji ya bahari, akakaa kusubiri. Chini ya kapu maji yalidondoka tone kwa tone, yamefanya wekundu kidogo kama chai ya mgonjwa, na hayo ndiyo aliyoyapika kwenye bati la pipa mpaka yakaitema chumvi. Mumewe alikufa. Binti zake wakaolewa Mtwara. Vita vikaja, watu wakavuka Ruvuma, wakakaa huko, wakarudi, naye akaurudia udongo wake. Wa damu aliyebaki naye kijijini alikuwa mmoja, mdogo wake Aiuba, ambaye mama yao alimwacha ana miaka mitatu, Atija akambeba mgongoni huku anakwangua chumvi.

Aiuba alikuwa fundi wa kusafisha visima. Mtu mfupi, mkavu, mwenye vicheko. Alishuka kwa kamba, akazoa tope, majani na mizoga ya paka, akapanda juu ameloa anauliza chakula.

Wanawake waliokuja kununua chumvi waliwahi kumwuliza Atija chumvi inakwenda wapi ikitiwa majini. "Haiendi popote," alijibu. "Ipo. Wewe tu ndiye huioni." Alisema vile bila kufikiri, kama mtu anavyosema habari za ndugu yake.

Kisima cha kijiji kilikuwa karibu na shule ambayo haijafunguliwa tena. Kabla ya vita watu wa mradi mmoja walikijenga kwa pete za zege, wakazamisha pampu, wakasimamisha paineli nane za jua juu ya vyuma virefu kimo cha mtu, na sanduku la chuma lenye kufuli. Vita vilipoanza waliondoka, ufunguo ukaondoka nao. Watu waliporudi waliikuta pampu imekufa. Wakavunja kifuniko, wakashusha ndoo ya bati kwa kamba ya usumba wa nazi, wakachota kama walivyochota babu zao. Kando ya kamba ulikuwepo waya mweusi ulioshuka kizani mpaka kwenye pampu. Hakuna aliyeujali. Paineli nazo zilibaki pale zikiitazama mbingu, mbuzi wakilala kivulini mwake.

Mambo yalianza mwezi mmoja baada ya Idi. Wahida alirudi kisimani ndoo tupu, anajisugua viganja.

"Kamba imeniuma," alisema.

"Kamba ina meno?" Atija akamcheka.

"Nenda ukaishike wewe, mwenye ulimi. Kama siafu, lakini siafu hawaonekani."

Kwa siku kumi hivi watu wakazijua saa za kile kitu. Asubuhi na mapema hakikuwepo. Jioni hakikuwepo. Jua likipanda kilianza kutambaa kwenye kamba, na jua la utosi kilikuwa kimekaa kabisa. Wingu likipita, kinaacha. Wingu likiondoka, kinarudi. Mtu alisimama na kamba mkononi, anaangalia juu, anaangalia chini, na kile kitu kinakuja na kuondoka ndani ya vidole vyake kama mtu anayevuta pumzi. Vyura wanne walikutwa wameelea tumbo juu. Na ukiinama sana, upande ule wa waya, uliona vipovu vidogo vinapanda, vinapanda, bila kukoma, kama kuna mtu chini amekaa anapumulia puani.

"Jini la mchana," watu wakasema. Saa sita wazee hawakuipenda tangu zamani. Ni saa mtu hana kivuli.

Mwalimu Ussumane wa madrasa alikuja mwenyewe mpaka kwenye kapu la Atija. Hakukaa.

"Dada Atija, tunataka chumvi. Vibaba saba. Isiwe ya dukani, iwe ya mkono wako. Hawa chumvi wanaikimbia."

"Chukua, Mwalimu. Siwezi kuuza hiyo."

"Na uimwage wewe."

Aliimwaga yeye, Mwalimu akisoma, watu wamesimama mbali. Aliisikia chumvi inagusa maji kule chini, sauti ndogo kama mvua ya nchi nyingine. Halafu kimya. Alirudi nyumbani amejaa fahari. Miaka yote chumvi yake ilikuwa ya samaki na mboga, leo imefanya kazi ya kisomo.

Kesho yake mchana Wahida alitupwa chini chali. Alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili. Waliokuwepo walisema hakupiga kelele, alikakamaa tu na meno yakaonekana, kisha akarushwa, ndoo ikaanguka kisimani. Mpaka alasiri hakuweza kusema. Na tangu siku hiyo kisima kikaanza kutoa harufu, kali, ya kuchoma pua, kama ile dawa wanayosafishia sakafu hospitali.

"Limekasirika," alisema Mwalimu Ussumane. "Maana yake dawa imelifikia. Chini kuna kitu kimezikwa. Lazima kitolewe."

Naye akaeleza namna. Kitolewe saa sita, jini likiwa nyumbani. Kikitolewa lenyewe halipo, likirudi litakitafuta nyumba hata nyumba. Na asubuhi ya siku hiyo litiwe gunia zima la chumvi, lilegee kabla mtu hajashuka.

Mtu mwenyewe alikuwa Aiuba. Nani mwingine?

"Utashuka kweli?" Atija alimwuliza.

"Nimeshusha mguu kwenye visima arobaini, dada. Hiki nacho ni tundu lenye maji."

"Wahida hajaweza kuinua mkono mpaka leo."

"Wahida hakuwa na gunia la chumvi yako chini ya miguu." Akacheka, akamega kipande cha muhogo uliokuwa mkononi mwa dada yake. "Mimi ninalo."

Siku tatu Atija alipika mpaka macho yakavimba kwa moshi. Alhamisi, saa mbili asubuhi, gunia likamwagwa lote. Kamba mpya ya kumshushia Aiuba waliilaza mle ndani ilowe, nayo ipate nguvu ya dawa. Atija akarudi kwenye jiko lake, maana kukaa kisimani mpaka saa sita hakuweza.

Alipika mpaka saa tano, ndipo Januário akaja pale jikoni. Huyu alikuwa mtu wa Diaca, vita vilimleta pwani na mkewe. Aliwahi kufanya kazi Afungi, ndani ya uzio wa mradi wa gesi, akiwabebea mafundi umeme vifaa, mpaka mkataba ukaisha. Sasa alikuwa na paineli yake ndogo, anachajia watu simu, na aliiweka kwa Atija kwa kuwa pale hapakuwa na mti hata mmoja. Alikuwa anajaribu taa ndogo ya tochi. Waya wa paineli ulikuwa umekatika katikati, ncha mbili zikiwa wazi, naye alipogeuka kutafuta kisu ncha zote mbili zikaponyoka, zikatumbukia kwenye chungu cha maji ya chumvi.

Taa ikawaka.

Atija aliitazama. Ncha hazikugusana. Moja ilikuwa huku, moja kule, kati yao maji matupu yametulia.

"Januário. Nani ameiwasha?"

"Epa! Samahani, mama. Zimeniponyoka."

"Nakuuliza nani ameiwasha. Nyaya hazijagusana."

"Maji yako ndiyo yamezigusanisha."

Akainama. Kwenye ncha moja vipovu vilikuwa vinapanda, vidogo, bila kukoma. Akavuta pumzi. Ile harufu. Ilikuwa ndogo, ndogo sana, lakini ilikuwa ile ile, na ilikuwa inatoka ndani ya chungu chake mwenyewe, nyumbani kwake, mchana kweupe. Nywele za mikono zikamsimama.

"Zitoe. Zitie kwenye bakuli la maji ya mvua."

"Mama Atija leo unataka shule?"

"Zitie, nimesema."

Januário akazitia. Taa ikafa. Akazisogeza, akazitikisa, taa imekufa. Atija akachukua chumvi kwa vidole vitatu, akaidondosha bakulini, akakoroga kwa kijiti. Taa ikafumbuka polepole, kwanza nyekundu, halafu njano, kama mtu anayefumbua jicho akijua anatazamwa.

Atija akarudi nyuma hatua moja.

"Na sukari?" aliuliza.

"Sukari ya nini?"

"Nayo inapotea majini. Nataka kuona."

Sukari kidogo ilikuwepo, ya chai. Wakaitia kwenye bakuli jingine la maji ya mvua, kijiko kizima, ikayeyuka isibaki punje. Taa haikuwaka. Wakaongeza. Haikuwaka. Atija akaonja: tamu. Ipo. Lakini taa imekaa kimya kama imekufa miaka.

"Fundi wetu kule Afungi alitueleza," alisema Januário, sasa na yeye ameacha kutania. "Sukari ikiyeyuka inatawanyika tu, punje zake zinaelea, hazina kazi. Chumvi siyo hivyo. Chumvi ikiingia majini inavunjika vipande viwili viwili. Huwezi kuviona hata na miwani. Kimoja kinavutwa huku, kingine kinavutwa kule. Vinatembea, mama. Na umeme unapita kwa kutembea kwao. Ni kama wapagazi. Maji ya mvua peke yake hayana wapagazi wa maana, umeme unabaki mlangoni. Ukitia chumvi umeita kijiji kizima kije kubeba."

Atija akaliinamia bakuli la chumvi. Miaka thelathini aliishika chumvi, akiilaza, akiiamsha kwa moto, na hakujua kwamba ndani ya maji ilikuwa inatembea. Akilini alikiona kisima. Aliliona gunia.

"Pampu ikifa, Januário, na paineli zinakufa?"

"Paineli hazifi. Jua likiwepo zinatoa. Pampu ya kisimani imeungua, lakini waya bado..." Akamtazama. "Ule waya mweusi unashuka upande gani?"

"Upande wa kamba."

"Na kamba inausugua."

"Kila siku. Miaka miwili."

"Umechubuka," alisema Januário. "Zile paineli nane siyo kama hii yangu. Zile zinaua."

"Na mimi nimewaitia wapagazi gunia zima," alisema Atija. "Nimeiloweka mpaka kamba."

Alitazama miguuni pake. Kivuli chake kilikuwa kimebaki kidogo tu, kimejikunja chini ya nyayo.

Alikimbia kanga ikimfunguka. Njia ilipita katikati ya nyumba za watu ambao hawakurudi, milango wazi, majani yameota ndani mpaka dirishani, na kisomo kilimjia mbele kwa mbali, sauti nyingi za wanaume, zinapanda na kushuka. Januário alikuwa nyuma yake na koleo la kukatia waya mkononi, anaita, "Mama, usishike kitu! Usishike kamba!"

Kisimani palikuwa na watu kama hamsini. Wanaume wamekizunguka, Mwalimu Ussumane katikati na kitabu. Wanawake wamekaa mbali juu ya jamvi kubwa la msikiti. Atija alimtafuta Aiuba kwa macho hakumwona. Halafu akaona wanaume wanne wamevaa viatu vya mpira, wanalegeza ile kamba mpya ya nailoni, kidogo kidogo.

Alikuwa ameshashuka.

"Mpandisheni!" alipiga kelele. "Mpandisheni, umeme uko majini! Chumvi imeuita!"

Wanaume wawili wakamdaka mikono. "Tulia, dada. Tulia. Usiharibu."

"Kamba hiyo vuteni!"

"Amebakiza kidogo tu, dada Atija," Mwalimu alisema bila kuinua macho. "Likikusikia unaogopa, limeshinda."

Alijivuta akafika ukingoni, akaona chini. Aiuba alikuwa ananing'inia kizani kama buibui, kichwa chake kidogo, miguu mitupu. Kati ya nyayo zake na maji palikuwa na kimo cha mtoto. Maji yalikuwa yanachemka upande mmoja, taratibu, meupe. Harufu ilimpiga usoni.

Kuna jambo moja kila mtu wa pale analijua: aliye ndani ya kisima haitwi jina. Anaitwa Fundi, au anaitwa We. Jina likisemwa juu ya kisima linashuka kabla ya mwenyewe, na waliopo chini wanalipokea.

"Fundi!" aliita. Kisomo kikamfunika. "Fundi, usishuke!" Aiuba hakuinua kichwa.

"Aiuba!" Atija aliita. "Aiuba bin Cassamo! Simama!"

Kisomo kikakatika. Watu hamsini wakanyamaza kwa pamoja, na katika kimya kile jina likaenda chini, likazunguka zege, likarudi. Wanaume wa kamba waliganda. Aiuba akainua uso. Ulikuwa mweupe kama wa mtu mwingine.

"Mwanamke, umemwua," alisema Mwalimu Ussumane kwa sauti ndogo.

Atija alikuwa ameshachomoka mikononi mwa wanaume. Alilikimbilia jamvi, akawaambia wanawake, "Inukeni!" na akamwona Wahida, mkono umefungwa kitambaa.

"Paineli," Atija alimwambia. "Zifunikwe. Kile kitu kinakula jua, Wahida. Umekiona wewe, wingu likipita kinaacha. Tufanye wingu."

Wahida alimtazama mara moja tu. Kisha akanyanyua ncha ya jamvi kwa mkono wake mzima. "Mmesikia? Nyanyueni!"

Wanawake sita wakalitupa jamvi juu ya zile paineli, likafunika tano. Tatu zikabaki zinang'aa. Wakavua kanga, wakatupia, wakashika pembe, mmoja amepanda ndoo, mwingine amembeba mwenzake begani. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma, kanga zinapaa kama zina watu ndani. "Shikilia! Huko mwisho shikilia!"

Wakati huohuo mmoja wa wanaume wa kamba aliteleza. Alikuwa anatetemeka tangu jina lilipoitwa. Kamba ikakimbia mikononi mwao, na wote wakasikia maji yanapasuka.

Upepo ukainua kanga ya mwisho. Ukaishikilia juu kwa muda wa mtu kufumba na kufumbua.

Kule chini Aiuba alitoa sauti. Haikuwa kelele. Ilikuwa sauti ya mtu anayetaka kusema neno na kinywa kimekataa. Atija alikanyaga ndoo akaruka, akaidaka kanga hewani, akalala juu ya paineli kwa kifua chake chote, kioo kinamchoma ngozi.

"Vuteni!" alisema Januário. "Sasa! Vuteni sasa!"

Wakavuta. Wanaume wanne, halafu kumi, hata Mwalimu Ussumane aliweka kitabu chini akashika. Aiuba alitoka kama gunia, vidole vimekunjamana, macho yamefunguka hayaoni. Wakamlaza mchangani. Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha kifua kikapanda, akakohoa maji ya chumvi, akakohoa tena.

Januário alipanda kwenye sanduku la chuma, wanawake wakiwa bado wameshikilia pembe zote. Alikata waya wa kwanza, akakata wa pili, akazikunja ncha mbali mbali. "Basi," alisema. "Hakuna tena." Akauvuta ule waya mweusi kutoka kisimani, mkono kwa mkono, mpaka ukatoka mahali ulipochubuka. Shaba ilikuwa imeliwa, imebaki nyembamba kama uzi, na juu yake pameota kitu cha kijani. Watu wakausogelea, wakautazama, wakarudi nyuma.

Mwalimu Ussumane aliuangalia kuliko wote. "Chumvi ile niliiomba mimi," alisema mwishowe. Akakiokota kitabu chake, akakipangusa mchanga.

Aiuba alikaa. Walimpa uji, akaushika, hakunywa. Alikuwa anatazama kifundo cha mguu wake wa kulia.

"Nilishikwa hapa," alisema.

"Ni umeme, kaka," alisema Januário. "Unakaza nyama. Kila mtu anahisi ameshikwa."

"Wewe unajua umeme. Mimi najua kushikwa." Akageuza uso, akamtafuta dada yake. Atija alikuwa bado kule kwenye paineli. "Dada. Uliniita jina."

"Nilikuita."

"Mara ngapi?"

Atija alifikiri. "Mara mbili. Jina lako tupu, halafu nikaongeza la baba."

"Mimi nililisikia zaidi ya hapo."

"Umelisikia limezunguka. Zege linarudisha sauti."

"La kurudi nililisikia. Hilo siulizi," alisema Aiuba. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya samaki. "Kabla hujaniita wewe, nilikuwa nimeshaitwa. Ndiyo maana sikuinua kichwa. Nilikuwa natazama chini, kumwona anayeniita."

Watu wakasogea mbali na kisima.

Wanawake waliteremka mmoja mmoja, wakajifunga kanga zao, wakakunja jamvi. "Atija, shuka," alisema Wahida. "Waya umeshakatwa. Shuka, mwenzangu, unaungua."

Atija alisikia. Aliona nyaya zimekatwa, ncha zimekunjwa, jua limeinama tayari upande wa magharibi. Lakini mikono yake ilikuwa imekamata pembe ya ile kanga, kifua chake juu ya kioo, na hakuachia.